Wiki moja Kigoma katika umri wa kati: jioni ndefu na mambo madogo yaliyobadilika

Mama Wawili (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu nyote, na shikamoo kwa mlionitangulia. Uzi huu nauelekeza zaidi kwa wenzangu tuliovuka arobaini na kuanza kuiona hamsini, wenye watoto wanaodai ada, wazazi wanaohitaji kuangaliwa na kazi isiyokwisha mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, lakini nikiangalia nyuma naona kwamba likizo zangu karibu zote zimekwenda kwenye kusimamia mafundi, kuuguza, kuzika, kuvuna na kupeleka watoto shule. Yote hayo yana heshima yake na siyalalamikii. Ila hakuna hata moja kati ya hayo lililo pumziko, na mtu anaweza kumaliza utumishi wake wote akiamini kwamba amekuwa akipumzika kila mwaka, kumbe alikuwa akitoka kazi moja na kuingia nyingine.

Mwaka huu, baada ya mazungumzo marefu na mume wangu, nilitenga wiki moja ya likizo nikaenda Kigoma peke yangu, bila msiba, bila harusi na bila semina. Naishi Morogoro. Niliichagua Kigoma kwa sababu ndiko Reli ya Kati inakoishia tangu ilipofika huko mwaka 1914, na nilitaka mahali ambapo safari inakoma yenyewe kwa kuwa mbele yako kuna maji ya Ziwa Tanganyika. Nilipanga chumba katika nyumba ya wageni ya kawaida katika mtaa wa Mwanga, yenye ua, mwembe na mama mwenye nyumba anayepika mwenyewe, nikajiwekea sharti moja tu, kwamba baada ya saa kumi jioni nisiwe na ratiba ya aina yoyote.

Kitu cha kwanza kunigusa kilikuwa jua. Saa zetu ni zile zile nchi nzima, lakini Kigoma iko mbali magharibi, kwa hiyo jua huzama huko karibu nusu saa baada ya Morogoro, na takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Nilifika wakati wa kiangazi. Saa moja kamili jioni, wakati ambao nyumbani kwangu taa zimekwisha kuwashwa na sufuria iko mekoni, jua la Kigoma ndiyo kwanza linaifikia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Asubuhi nayo huchelewa vivyo hivyo, kwa hiyo siku haikuongezwa hata dakika moja. Lakini mimi niliyezoea kuamka alfajiri na kufika jioni nikiwa sina nguvu, niliona kana kwamba nimekabidhiwa saa moja ambayo hakuna aliyekuwa amekwisha kuiandikia kazi.

Jioni za mwanzo ile saa ilinielemea. Nilishika simu, nikaiweka, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu, nikamwuliza mama mwenye nyumba kama nimsaidie kuchambua mboga. Mtu wa umri wetu amesahau kukaa. Hili nalisema kwa uzito, maana nimeliona kwa wenzangu wengi ofisini: tukipewa muda mtupu, mkono unatafuta cha kushika.

Mama Wawili

Naendelea. Nilianza kuteremka jioni kwenda Kibirizi, kijiji cha wavuvi kilicho kaskazini ya mji, ambako ndiko pia boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, huondokea. Mchana wanawake hutandaza dagaa juu ya mchanga na juu ya vichanja, na jioni wanaume huandaa mitumbwi, nyavu na taa. Zamani walitumia karabai, na siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Giza likishaingia kabisa, taa za wavuvi zikitapakaa ziwani, mtu aliyesimama ufukweni huona kama mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinieleza namna kazi yenyewe inavyokwenda. Dagaa huvutwa na mwanga wa taa pale tu usiku unapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya, na kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi hawaingii ziwani. Hizo ndizo siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kulala usingizi wa usiku na kukaa na watoto. Nilimsikiliza nikawaza kwamba mapumziko ya mzee huyu yamo ndani ya kalenda ya kazi yake, yana tarehe, na jirani yake hawezi kumshangaa kwamba mbona leo hukwenda. Mapumziko yangu mimi hungoja kazi zote ziishe kwanza, na kazi hazijawahi kuisha. Hili ndilo hasa lililonifanya niandike uzi huu, na mengine yote ni matawi yake.

Matawi yenyewe ni madogo. La kwanza ni miwani. Macho yangu yamekuwa mazito kwa maandishi ya karibu, kama inavyowapata watu karibu wote baada ya arobaini, kwa sababu lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja ili ione cha karibu. Nilikuwa na miwani ya kusomea, lakini nikiivaa ofisini tu, tena mlango ukiwa umefungwa. Kigoma nilipikiwa migebuka iliyoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo, na nikagundua kwamba miiba siioni. Nikaivaa miwani mezani, mbele za watu, nikala samaki wangu taratibu hadi mwisho. Tangu siku hiyo naitundika shingoni kwa kamba na sijaivua.

La pili ni piko. Niliiacha nyumbani kwa makusudi, na mvi zikaanza kujitokeza kwenye maungio ya nywele. Watoto wa Ujiji walikuwa wakiniamkia "shikamoo bibi", na mara ya kwanza neno hilo lilinichoma. Baadaye nililipokea, kwa kuwa lilitolewa kwa adabu na kwa nyuso za furaha, na kwa kuwa kuna nafuu kubwa katika kuacha kulinda jambo ambalo kila mtu anaona. Nilirudi Morogoro bila kupaka, na mume wangu alisema naonekana nimelala vizuri.

La tatu ni maji. Katika ufukwe wa upande wa Katonga, mpwa wa mama mwenye nyumba alinifundisha kulala chali juu ya maji. Sijui kuogelea na sikujifunza kuogelea. Nilijifunza kulaza kichwa, kuachia shingo na kuyaacha maji yanibebe, huku binti huyo ameweka kiganja chake chini ya mgongo wangu. Ziwa lile lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na mimi nilikuwa mahali pasipofika kifuani, lakini furaha niliyoipata pale sikumbuki kuipata tangu utoto.

Ujiji nilikwenda, nikaona ile kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871, na miembe yake. Gombe sikwenda. Niliona kwamba ningekwenda, wiki ingegeuka kuwa safari yenye tiketi, saa na miongozo, na mimi nilikuja kwa ajili ya kitu kingine.

Mkazi wa Gungu

Dada Mama Wawili, karibu sana Kigoma na asante kwa kuuandika mji wetu kwa upendo. Naomba hata hivyo niongeze neno kuhusu mbalamwezi, kwa sababu mimi nimezaliwa katika nyumba ya mvuvi. Siku hizo zina mapumziko, ni kweli, lakini ni mapumziko yasiyo na mshahara. Mama yangu alikuwa akianika na kuuza dagaa, na mwezi ulipopevuka tulikula kwa hesabu. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono, kwa sababu ziwa nalo limechoka, na kila mzee wa hapa anaweza kukueleza jinsi samaki walivyopungua. Lakini usimwambie mvuvi wa Kibirizi kwamba miezi ile mitatu ilikuwa likizo. Wapo waliouza nyavu, na wapo wanawake wa vichanjani waliohamia kuuza maandazi na nyanya.

Ninachokubaliana nawe ni kwamba hapa mtu hahesabiwi mvivu kwa kukaa siku ambayo haina kazi. Jioni utawaona watu wazima kabisa wamekaa barazani Mwanga au Katubuka, wanazungumza, hawana simu mkononi, na hakuna anayewauliza wanafanya nini. Jambo hili vijana wetu wanaorudi kutoka mijini mikubwa wamelipoteza, na mimi naliona kuwa hasara.

Mama Wawili

Ndugu Mkazi wa Gungu, nakushukuru kwa kuliweka jambo hili mahali pake. Mzee yule hakuniambia habari za kula kwa hesabu, huenda kwa sababu mimi ni mgeni na mwenyeji hamtwishi mgeni shida za nyumba. Kwa mwajiriwa kama mimi, ambaye mshahara unaingia hata nikiwa likizo, kushindwa kupumzika ni jambo zito zaidi, kwa sababu sina hata sababu ya njaa. Mapumziko yangu yamekwisha kulipiwa, na bado nilikuwa nikiyageuza kuwa vibarua. Maelezo yako hayaniondolei nilichojifunza pale ufukweni. Yananiongezea wajibu.

Muuguzi Mstaafu

Shikamooni wakubwa, na marahaba wanangu. Nimefanya kazi katika zahanati za mwambao kwa muda mrefu, hivyo naomba niseme machache kwa upande wa afya, maana mwenzetu amegusa mambo ambayo wengine watayaiga.

Kuhusu kuingia majini: raha ile ni ya kweli, lakini Ziwa Tanganyika lina kichocho katika sehemu za mwambao, hasa karibu na makazi na mahali penye majani majini, kwa sababu konokono wanaobeba vimelea hukaa huko. Vimelea hupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote. Chagueni ufukwe wenye mchanga au mawe, maji safi, mbali na mahali watu wanapofulia na kuogea, jifuteni mara mtokapo, kisha baada ya miezi kama miwili nendeni mkapimwe hata kama hamuumwi popote. Dawa yake, prazikwanteli, inatibu vizuri. Mamba nao wapo katika baadhi ya sehemu za ziwa hili, kwa hiyo waulizeni wenyeji kwanza, wala msiingie mahali ambapo wenyeji hawaingii.

Kuhusu mawese: wekundu wake unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kwa hiyo ni mafuta yenye faida, hasa kwa watoto. Lakini takriban nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu, na mtu wa umri wa kati mwenye presha au kisukari ayale kwa kiasi.

Kuhusu matembezi: hapo ndipo nampongeza mwanangu kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kuteremka kutoka Mwanga hadi Kibirizi na kupanda tena kila jioni kunatosha na kubaki. Nimewaona wagonjwa wengi wa presha ambao dawa zao zilikuwa sahihi, lakini hawakuwa na jioni yoyote ya kutembea. Na wale mnaotumia dawa za kila siku, mkienda likizo dawa nazo ziende. Wapo wanaoziacha wakisema wamekwenda kupumzika, tukawapokea wamebebwa.

Baba Kulwa, Tabora

Nimeusoma uzi huu mara mbili, na mke wangu ameusoma pia, ndiyo maana naandika. Swali langu la kwanza lilikuwa kama mwenzi wako hakuona vibaya uende peke yako, na mke wangu akaniuliza mbona mimi nilipokwenda peke yangu hakuna aliyeniuliza. Alikuwa na haki, hivyo nitaeleza wiki yangu.

Mimi sikuwa na haja ya kwenda mbali. Nilikwenda kwa mjomba wangu Sikonge, msimu wa kurina asali. Mjomba bado ana mizinga ya magome, ile ya miti iliyobanduliwa gome zima na kufungwa kwa kamba za miti, inayotundikwa juu ya matawi ndani ya msitu wa miombo. Yeye hurina usiku, kwa moshi, wakati nyuki wametulia, na kazi yangu ilikuwa kupokea ndoo chini na kunyamaza. Sijawahi kunyamaza namna ile. Ninafundisha, na kinywa changu hufanya kazi kuanzia saa moja asubuhi. Kule mtu akisema neno, ni kwa sababu linahitajika. Tulikula masega ya asali tukiwa tumekaa juu ya gogo, na asubuhi chakula kilikuwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na uji, basi. Sikunyoa ndevu. Redio ya mjomba haikuwa na betri, na hakuna aliyekwenda kununua.

Nilichorudi nacho ni kimoja: nalala bila redio na bila simu chumbani. Nilidhani nikivikosa sitapata usingizi, kwa sababu kwa miaka mingi nimelala nikisikiliza habari hadi zinijie ndotoni. Sasa napata usingizi, na nikiamka usiku wa manane, kama umri huu unavyotuamsha, simu haipo pa kuifikia, basi nageuka upande wa pili. Mke wangu anasema nimepunguza pia ukali wa asubuhi.

Lakini dada, naomba utujibu kwa uwazi: umerudi Morogoro penye kazi ile ile na nyumba ile ile. Nini kimebaki?

Mama Wawili

Shemeji Baba Kulwa, msalimie sana mwenzako, na umwambie swali lake limenifurahisha. Mume wangu hakuona vibaya, ila aliogopa majirani watasema tumegombana. Baadhi walisema. Aliwajibu kwamba nimekwenda kupumzika, na akaongeza kwamba zamu yake inakuja. Ninaamini kwenda pamoja ni kuzuri na tutakwenda, lakini kwa mara ya kwanza nilihitaji mahali ambapo hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi.

Kilichobaki ni hiki. Kulala chali majini kumekwisha, maana Morogoro hatuna ziwa la namna ile, na sioni haja ya kujifanya bafu litatosha. Miwani ipo, mvi zipo. Matembezi yapo, ingawa si kila siku, na jua letu linazama mapema kwa hiyo natoka ofisini na viatu vya kutembelea miguuni badala ya kungoja nifike nyumbani. Lakini lililonishika zaidi ni mbalamwezi. Nyumbani kwetu sasa tumekubaliana kwamba usiku wa mwezi mpevu, na ule unaoutangulia na unaoufuata, hakuna mgeni wa kikao, hakuna kazi ya ofisi inayoletwa mezani, na chakula ni cha jana kilichopashwa moto. Watoto walidhani ni mzaha, lakini mwezi uliofuata ndio waliotukumbusha. Tumeuchagua mwezi kwa sababu hauahirishiki. Jumamosi inaweza kuingiliwa na harusi, na ikishaingiliwa mara tatu imekufa, ila mwezi ukipevuka kila mtu anauona uani kwake. Mwajiri wangu hajui habari hizi na hana haja ya kuzijua. Mama yangu mzazi, ambaye ni mtu wa shamba na hapendi mambo mapya, ndiye aliyelielewa upesi kuliko sote.

Msomaji wa Iringa

Nimeshawishika, na mimi natimiza hamsini mwakani. Naomba ushauri wa vitendo: ni miezi gani inafaa, na je, nikitaka kuziona hizo taa za ziwani nipange vipi?

Mama Wawili

Hongera kwa hamsini. Kiangazi cha Kigoma ni takriban Juni hadi Septemba, na mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa ajili ya taa, tazama kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi na uende siku za giza, mwezi ukiwa umeandama karibuni, kwa sababu ukifika umepevuka utakuta mitumbwi imepaki. Pia ulizia kwanza kama uvuvi haujasimamishwa kwa muda, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Ukisafiri kwa treni, beba nguo nzito ya usiku, na uwe macho mchana mnapovuka bonde la Malagarasi na kupita Uvinza kwenye chumvi, kwa maana ni sehemu nzuri kuliko zote njiani. Dagaa nunua siku ya kuondoka, uwabane kwa vidole kuhakikisha wamekauka hadi ndani, na uwafunge katika kiroba kinachopitisha hewa, kwani wakifungiwa na unyevu huota ukungu kabla hujafika Dodoma.